Tulihoji Wazo Kabla ya Kuliamini

Somo la vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma kwanza: 1 Wafalme 18:1–15 na 19:1–21, Zaburi 42 na 43, Maombolezo 3:1–24.

Somo hili linahusu ugonjwa ambao katika nyumba zetu hauna jina moja. Wengine wanasema, "Ana mawazo mengi." Wengine wanasema moyo umechoka, au kichwa kimejaa. Waliosoma uuguzi Tanzania wanauita sonona, na sisi tutatumia neno hilo. Tunaomba lisomwe kwa sauti kikundini, maana wako baba na mama zetu wasiojua kusoma, na mara nyingi wao ndio wanaolihitaji zaidi.

Sonona si huzuni ya siku mbili tatu. Mtu akifiwa analia, na kulia huko ni haki yake. Lakini huzuni ikikaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, mchana kutwa. Usingizi ukakatika saa nane za usiku na usirudi. Chakula kikakosa ladha. Mama akaacha kuchana nywele za watoto wake, baba akaacha kwenda shambani na huku mvua imeanza. Kwaya aliyoipenda sasa inamchosha. Hapo tunaangalia jambo jingine. Ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba katika jamii zilizopitiwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 anaishi na sonona, hofu iliyopita kiasi au ugonjwa mwingine wa akili. Jumapili hesabuni watu watano kwenye benchi mnalokalia.

Sababu hatuzitafuti mbali. Mwezi Januari 2025 Goma ilianguka, Februari ikafuata Bukavu, na simu za nyumbani zikawa za kilio. Januari hiyohiyo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokwisha kupimwa afya, zilizokwisha kuuza mbuzi na vyombo, zikaambiwa kesi zimesimama. Mwaka huohuo mgao wa chakula hapa Uganda ulikatwa, na watu wengi wakaondolewa kabisa katika orodha. Kwa hiyo yule anayesema kwamba mwenye sonona amekosa imani, au amerogwa, au ana pepo la huzuni, atuambie kwanza Eliya alikuwa na pepo gani.

Eliya chini ya mretemu

Tunamjua Eliya wa Karmeli, wa moto na mvua. Wahubiri wengi wanapenda kuishia hapo. Sura ya 19 haihubiriwi sana, labda kwa sababu haina shangwe. Yezebeli anatuma mjumbe kumtishia. Eliya anakimbia. Anapofika Beer-sheba anamwacha mtumishi wake, anaendelea mwendo wa siku moja jangwani peke yake, anaketi chini ya mti na kuomba afe, akisema yeye si bora kuliko baba zake. Tazameni mpangilio wake: ametishwa, amekimbia, amejitenga. Sisi njia hiyo tunaijua kwa miguu yetu.

Mungu hakuanza kwa kumjibu hoja. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate juu ya makaa na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale, kwa sababu safari ilikuwa inamzidi nguvu. Hakuna mahali alipoambiwa afunge. Tunalisema hili wazi kwa wazee wa kanisa na viongozi wa maombi: mtu ambaye hali wala halali, msimwongezee mfungo wa siku tatu. Mpikieni uji.

Ni baada ya chakula, usingizi na siku 40 za kutembea ndipo Mungu anamwuliza anafanya nini pale Horebu. Eliya anajibu kwamba amejitahidi kwa ajili ya Bwana, watu wameliacha agano, wamevunja madhabahu, wamewaua manabii, amesalia yeye tu, naye wanamtafuta wamuue. Sasa tulipime jibu hilo kama ushahidi barazani. Wamevunja madhabahu? Kweli. Wamewaua manabii? Kweli, sura ya 18 mstari wa 4 inasema hivyo. Wanamtafuta? Kweli, Yezebeli ameapa. Amesalia yeye tu? Rudini sura ya 18 mstari wa 13. Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alimwambia Eliya uso kwa uso kwamba amewaficha manabii 100 katika pango, hamsini hamsini, na kuwalisha. Eliya alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, na si zamani. Lakini ndani ya pango lake habari ile haikumjia kabisa.

Hivyo ndivyo sonona inavyofanya kazi. Ingetuletea uongo mtupu tungeukataa. Inachukua kweli tatu nne, inapenyeza uongo mmoja katikati yake, na kuficha yale tuliyokwisha kusikia. Tena wazo lake halichoki. Eliya anaulizwa mara mbili, mstari wa 9 na wa 13, na mara zote mbili anatoa jibu lilelile, karibu neno kwa neno, ingawa katikati yake pamepita upepo, tetemeko, moto na sauti ndogo ya utulivu. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba mwandishi harudii maneno bure. Wazo la namna hii halitoki kwa muujiza wa kutikisa mlima.

Daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, katika miaka ya 1960 alianza kuandika kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo yanayopita haraka kichwani bila wao kuyaalika, na mawazo hayo yalihusu mambo matatu: mtu mwenyewe, ulimwengu unaomzunguka, na siku zijazo. Msomeni Eliya tena mkiwa na hayo akilini. Mimi si bora. Wote wameacha. Afadhali nife.

Jibu la Mungu lilikuwa na vitu vitatu: kazi ya kufanya, mtu wa kufanya naye, na hesabu. Kuna 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Kuhusu kazi, Eliya aliagizwa kuwatia mafuta watu watatu, lakini mkisoma mbele mtaona kwamba yeye alimfikia Elisha tu. Habari ya Hazaeli aliipeleka Elisha, na Yehu alitiwa mafuta na kijana wa manabii aliyetumwa na Elisha (2 Wafalme 8 na 9). Mzigo uligawanywa. Hatuoni popote kwamba Mungu alimgombeza kwa hilo.

Usaili wa wazo

Karibu kila mtu mzima kati yetu amepita katika usaili wa kuomba hadhi ya ukimbizi. Tunayakumbuka maswali. Uliona kwa macho au uliambiwa? Ilikuwa siku gani? Nani mwingine alikuwepo? Ulijuaje kwamba ni wao? Yalituchosha, na wengine yalitutoa machozi. Lakini wazo linalokuja usiku kutuhukumu halijawahi kuulizwa hata moja kati ya maswali hayo. Linaingia bila karatasi, linapewa kiti, linakula chakula chetu. Torati ilikataza mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja (Kumbukumbu la Torati 19:15). Wazo ni shahidi mmoja, tena shahidi mwenye homa.

Basi tunaliita usailini. Kwanza tunalisema kwa sauti, kwa sentensi moja, kwa lugha ya nyumbani. Wazo lisilosemwa ni kama moshi, hulipati pa kulishika. Halafu tunatenganisha tukio na hukumu. Tuchukue wazo la baba ambaye familia yake imeondolewa katika mgao: "Watoto wanalala na njaa, mimi si baba tena." Sehemu ya kwanza ni tukio, na hatuna ruhusa ya kulikataa. Sehemu ya pili ni hukumu. Nani ameitoa? Majirani walioondolewa siku hiyohiyo, nao waliacha kuwa baba? Angekuja rafiki yako na kilio hicho, ungemwambia, "Ni kweli, wewe si baba"? Wiki hii umefanya nini? Hapo mara nyingi mtu ananyamaza, kisha anasema amelima kwa watu siku mbili, amekwenda kuomba majani ya mihogo, amekaa na mtoto mwenye homa usiku kucha. Mashahidi hao walikuwa nje ya mlango muda wote.

Mwisho anatafuta sentensi mpya: "Mgao umekatwa, chakula hakitoshi, nimelima siku mbili, na leo watoto wamekula mara moja." Si sentensi tamu. Ni ya kweli tu, na mtu anaweza kusimama juu yake kesho asubuhi akashika jembe.

Tunasisitiza neno hilo, kweli, kwa sababu kuna mahubiri yanayofika kwenye simu zetu yakifundisha kwamba ukiwa na wazo baya ulijibu kwa kukiri utajiri, ndege na visa. Hatufundishi hivyo. Mwenye sonona akikiri jambo ambalo moyo wake unajua si kweli, kesho yake anakuwa na aibu mbili. Wengi wetu tumeandika Yeremia 29:11 ukutani. Mstari wa 10 unataja miaka 70, na wa 5 unawaambia waliohamishwa wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Yeremia hakuwadanganya watu wake kuhusu urefu wa safari.

Mama ambaye kesi yake ya kwenda nchi ya tatu imesimama anasema, "Mungu ameona jina langu akalifuta." Tunamwuliza: uamuzi ule ulitolewa kwa nani? Barua ilimtaja yeye? Siku ile zilisimama kesi za familia ngapi, za mataifa mangapi, katika kambi ngapi? Ulikuwa uamuzi wa serikali juu ya mpango mzima, haukupitia faili lake wala maombi yake. Kusubiri kwake kunabaki kugumu vilevile. Lakini kusubiri ni kitu kimoja, na kukataliwa na Mungu ni kitu kingine.

Mama zetu wa Kivu

Msidhani mambo haya ni ya wazungu au ya wenye diploma. Utafiti mmoja mkubwa wa kazi hii ulifanywa kwetu, vijijini Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, ukachapishwa mwaka 2013. Walikuwa wanawake waliobakwa vitani, wenye huzuni, hofu na mateso makubwa ya moyo. Katika vijiji 7, wanawake 157 walikutana na mhudumu mara moja mmoja mmoja, kisha mara 11 kwa kikundi, wakijifunza kuyachunguza mawazo yao. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata mtu wa kuwasikiliza na kuwasaidia, bila mafunzo hayo. Wahudumu walikuwa wanawake wa kwetu wenye elimu ya sekondari, na wengi wa waliofundishwa hawakujua kusoma. Baada ya miezi sita, katika vijiji vya vikundi waliobaki na dalili za sonona au hofu kubwa walikuwa 9 kati ya 100. Katika vijiji vingine walikuwa 42 kati ya 100. Kusikilizwa kulisaidia. Kusikilizwa pamoja na kulihoji wazo kulisaidia zaidi. Na wale 9 tusiwasahau, tutawarudia.

Hapa Uganda pia, mwaka 2017, wakimbizi wanawake wa Sudan Kusini karibu 700 wa Rhino Camp walishiriki katika utafiti wa mafunzo ya vikundi ya kupunguza mzigo wa moyo, yakitolewa kwa sauti iliyorekodiwa na kuongozwa na watu wasio wataalamu. Nayo yalionyesha nafuu, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuna wazo zito ambalo tunalisikia mara nyingi katika chumba cha maombi: "Ni kosa langu." Ningepita njia nyingine. Ningeondoka jana yake. Ningembeba mama mgongoni, nisingemwacha na jirani. Ningeushika mkono wa mtoto kwa nguvu zaidi pale mtoni. Wako kati yetu wanaobeba wazo hilo tangu 1996.

Tunaomba viongozi wasilijibu kwa haraka. Kusema "Usijilaumu, Mungu amesamehe" kunathibitisha kwamba kosa lilikuwepo. Badala yake tulihoji, polepole, hata kwa siku kadhaa. Saa ile ulikuwa na dakika ngapi za kuamua? Ulijua nini wakati ule, si unachokijua leo? Njia ile nyingine, ulikuwa na uhakika kwamba haina watu wenye bunduki? Ulikuwa umebeba nani mwingine? Na swali ambalo wazo hili halipendi kuulizwa: nani aliyeshika silaha? Mara nyingi mtu anagundua kwamba amejihukumu kwa habari alizozipata mwaka mmoja baadaye. Anayesimama kizimbani ni mama wa usiku ule, mwenye mtoto mgongoni na risasi nyuma yake, lakini anayemhukumu ni mtu aliyeketi salama na ramani mkononi.

Na mtu akishaona hivyo, bado atalia. Tena anaweza kulia zaidi, kwa sababu lawama ilikuwa imeziba njia ya msiba. Mwacheni alie, kaeni naye matangani hata kama ni baada ya miaka ishirini.

Mara moja haitoshi

Mwimbaji wa Zaburi 42 anaihoji nafsi yake kwa nini imeinama. Anauliza mstari wa 5, anauliza tena mstari wa 11, na katika Zaburi 43 mstari wa 5 anauliza mara ya tatu. Kati ya mara moja na nyingine machozi yanarudi. Mwandishi wa Maombolezo 3 naye anataja uchungu wake mistari ishirini nzima kabla ya kufika mstari wa 21, anapoamua kukumbuka jambo jingine. Na Zaburi 88 inaishia gizani. Haina mstari wa furaha, na bado ni maombi, na bado imo ndani ya Biblia. Ndugu akihoji wazo lake leo na kesho likarudi, hajashindwa. Alihoji tena.

Lakini kuna siku ugonjwa ni mzito kiasi kwamba mtu hawezi kuhoji chochote. Siku hiyo msimfundishe. Siku hiyo ni ya uji, usingizi, kumsaidia kuchota maji, na kwenda naye kituo cha afya. Akipewa dawa, azimeze kama alivyoelekezwa. Huchukua majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na haziachwi ghafla bila kumwuliza muuguzi. Kumeza dawa ya sonona si kumkana Yesu, kama vile miwani ya mchungaji si kukosa imani.

Eliya aliomba kufa. Kwa hiyo tusishangae wala kumkaripia ndugu anayesema amechoka kuishi. Mwulizeni kwa upole na waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shamba na vitu vingine vya hatari viondolewe nyumbani, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, msisubiri Jumapili. Mambo yote yanayosemwa kikundini yabaki kikundini, isipokuwa hili.

Maswali ya kikundi

1. Katika jibu la Eliya (1 Wafalme 19:10), taja yaliyo ya kweli na lile lisilo la kweli. Kwa nini maneno ya Obadia hayakumsaidia?

2. Wazo gani linawajia watu wa mtaa wetu mara nyingi tangu mgao ulipokatwa? Lisemeni kwa sentensi moja, kisha tenganisheni tukio na hukumu. Asiyetaka kusema lake asilazimishwe.

3. Beer-sheba Eliya alimwacha mtumishi wake. Wewe ukielemewa, nani huwa unamwacha kwanza?

4. Nani hajaonekana ibadani majuma matatu sasa? Kikundi kichague wawili wa kumtembelea kabla ya Jumamosi. Wasiende na mahubiri. Waende na kuni au unga kidogo, wakae, na wakikuta amelala wamwache alale.